Malkia Fausta alikufaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Konstantino Mkuu, Kaisari wa Roma wa karne ya 4, akitajwa tu, hata kama mazungumzo ni ya Mtaguso wa Nisea (ule mkutano mkuu wa maaskofu), hakosekani wa kuuliza: "Na yule mkewe aliyechemshwa hamamuni?" Swali ni zuri. Tatizo ni majibu: kipande kimeokotwa kwa mwandishi mmoja, kingine kwa mwingine aliyeishi miaka mia mbili baadaye, vikashonwa pamoja kama vile mtu mmoja ndiye aliyesimulia. Hapa nimejaribu kufumua ule mshono. Maswali nimeyapanga kadiri yanavyonijia.

Fausta ni nani?

Jina kamili ni Flavia Maxima Fausta, mzaliwa wa Roma, binti wa Kaisari Maximianus na mkewe Eutropia. Kaka yake ni Maxentius, yule aliyezama katika mto Tiber kwenye Daraja la Milvio tarehe 28 Oktoba 312 akipigana na shemeji yake. Shemeji mwenyewe ni Konstantino, aliyemwoa Fausta mwaka 307.

Ndoa hiyo ilikuwa ya hesabu. Maximianus alikuwa ameng'atuka mwaka 305 bila kupenda na sasa alitaka kurudi madarakani, hivyo alihitaji mkwe mwenye jeshi. Konstantino naye alikuwa ametangazwa kuwa Kaisari na askari wa baba yake kule York mwaka 306, wakubwa wenzake wakinung'unika, hivyo alihitaji mkwe mwenye jina. Kila mmoja akapata mkwe aliyemtaka, na binti akawa ndiye muhuri wa makubaliano.

Umri wake unabishaniwa. Wapo wanaosema alizaliwa karibu na mwaka 290, wapo wanaousogeza hadi karibu na 298. Mimi naelekea kwa hawa wa pili, kwa sababu watoto wanaotajwa kuwa wake wanaanza kuonekana karibu miaka kumi baada ya harusi. Inaelekea bibi harusi wa 307 alikuwa bado mtoto.

Na huyo Crispus anaingiaje?

Crispus ni mtoto wa kwanza wa Konstantino, aliyezaliwa na Minervina kabla Fausta hajaolewa. Minervina wengine humwita suria, wengine mke halali. Kijana mwenyewe hakubaguliwa kwa hilo. Alilelewa kama mrithi, mwalimu wake akiwa Lactantius, mmoja wa waandishi hodari wa Kilatini wa zama zile. Tarehe 1 Machi 317, mjini Serdica (ndiyo Sofia ya leo), alipewa cheo cha Caesar, yaani mtawala mdogo chini ya Kaisari mkuu. Mwaka 324 ndiye aliyeongoza meli za baba yake kwenye mlango-bahari wa Dardaneli na kuvunja kundi la meli za Licinius, mtawala wa upande wa mashariki wa dola, zilizokuwa nyingi kuliko zake. Ushindi ule ndio uliomfungulia Konstantino njia ya kutawala dola nzima peke yake.

Baada ya vita hivyo Fausta na Helena, mama mzazi wa Konstantino, walipewa wote wawili cheo cha Augusta, yaani cha malkia mkuu. Mwaka 324 familia hii ilikuwa imefika kileleni. Miaka miwili tu mbele, Crispus na Fausta hawapo.

Mwaka 326 kulitokea nini hasa?

Konstantino alikuwa akisafiri kwenda Roma kukamilisha sherehe za miaka ishirini ya utawala wake, zilizopangwa Julai. Mwezi Aprili yuko Aquileia, kaskazini mwa Italia. Kipindi hichohicho Crispus aliuawa Pola, mji wa bandari upande wa pili wa bahari ya Adria, ambao leo ni Pula nchini Kroatia. Mahali hapo tunapafahamu kwa bahati tu: mwanahistoria Ammianus Marcellinus, akisimulia habari za mtu mwingine aliyepelekwa kuuawa karibu na mji huo, anadokeza kwamba ndipo alipouawa Crispus zamani.

Kisha Fausta. Hakuna mwandishi wa kale anayetaja mji aliofia, na kwa sababu hiyo utakuta huyu anaandika Roma, yule anaandika Trier. Wote wanakisia.

Aliuawa pia Licinius mdogo, mtoto wa Constantia, dada wa Konstantino kwa baba. Kijana huyo alikuwa hata hajabalehe vizuri. Wasimulizi wa hadithi ya mapenzi humsahau, maana hana nafasi katika kisa cha mama wa kambo na mtoto wa mume. Mimi huwa nawakumbusha habari zake kwanza.

Nani alisema nini, na aliandika lini?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya yote, kwa hiyo nivumilieni.

Aliyekuwa karibu zaidi na Konstantino kwa kalamu ni Eusebius, askofu wa Kaisaria. Aliandika maisha ya Kaisari huyo kwa kirefu, na habari ya mke na mtoto hakuigusa kabisa. Si kwamba hakumjua Crispus: katika historia yake ya Kanisa alikuwa amemsifu kwa ushindi wa 324, na tafsiri ya zamani ya Kisiria inaonyesha kuwa sifa hizo baadaye ziliondolewa.

Aurelius Victor aliandika mwaka 361, miaka 35 baada ya tukio. Anasema mwana mkubwa alikufa kwa hukumu ya baba yake, na kwamba sababu haijulikani. Fausta hamtaji. Eutropius, karibu mwaka 369, anaorodhesha: Konstantino alimuua mwanawe, kisha mtoto wa dada yake, kisha mkewe, kisha marafiki wengi. Hakuna hamamu wala zinaa. Jerome, karibu mwaka 380, anasema tu kwamba Konstantino alimuua mkewe Fausta, na anakiweka kifo hicho mwaka 328.

Yohane Krisostomo, katika mahubiri ya mwishoni mwa karne ya 4, anataja kaisari mmoja bila jina aliyemshuku mkewe uzinzi, akamfunga uchi milimani aliwe na wanyama, ingawa alikuwa amemzalia wafalme. Wengi wanaamini anayesemwa ni Konstantino. Kama ndiye, basi miaka sabini baadaye hata namna ya kufa ilikuwa bado haijakubaliwa.

Hamamu tunaikuta kwa mara ya kwanza katika muhtasari mmoja wa historia ya makaisari ulioandikwa baada ya mwaka 395 na mtu asiyejulikana jina. Anasema Konstantino alimuua Crispus kwa uchochezi wa Fausta, "kama wanavyodhani", kisha Helena alipomlaumu mwanawe kwa uchungu wa mjukuu, Fausta akatupwa katika maji ya moto akafa. Angalia hayo maneno "kama wanavyodhani". Mwandishi mwenyewe anajua ameshika tetesi.

Philostorgius, katika robo ya pili ya karne ya 5, anaongeza tarishi: Fausta alimsingizia Crispus, kisha yeye mwenyewe akafumaniwa akizini na mpeleka barua wa ikulu, ndipo akakoseshwa pumzi kwa joto la hamamu. Zosimus, karibu mwaka 500, anaigeuza: Crispus alishukiwa kuwa na uhusiano na mama yake wa kambo, Helena akalia, na Konstantino, ili kumtuliza mama yake, akaponya baya kwa baya zaidi, akaagiza hamamu ipashwe kupita kiasi na Fausta akatolewa maiti. Halafu Zonaras, katika karne ya 12, miaka mia nane baada ya tukio, anajua kila kitu: Fausta alimtamani Crispus, akakataliwa, akamsingizia kuwa alitaka kumbaka, baba akamuua mwana, kisha ukweli ukajulikana.

Umeona? Aliyekuwa karibu na tukio anajua machache, na aliye mbali anajua hadi yaliyosemwa chumbani.

Lakini kisa chenyewe kinafanana na cha Yusufu na Zulekha!

Kinafanana kabisa, na hilo ndilo linalonitia shaka. Waislamu wanakijua kisa cha Nabii Yusuf na mke wa Mheshimiwa wa Misri, Wakristo wanakijua cha Yusufu na mke wa Potifa: mwanamke wa nyumba kubwa anamtamani kijana, anakataliwa, anamsingizia. Wagiriki walikuwa nacho pia, cha Phaedra na Hippolytus, na huko mwanamke alikuwa mama wa kambo hasa, na baba ndiye aliyesababisha kifo cha mwanawe. Maandishi ya Kigiriki juu ya shahidi Artemius yanamtetea Konstantino waziwazi kwa kusema Fausta alimwiga Phaedra wa kale, hivyo alistahili kuuawa.

Maana yake, waandishi walikuwa na kabati tayari lenye nguo ya kumvisha. Kifo cha kijana mzuri kwa amri ya baba, na muda mfupi baadaye kifo cha mama wa kambo: pengo lililobaki katikati linajazwa na kisa ambacho kila msomaji alikijua tangu utotoni. Ili baba asionekane muuaji tu, lazima awepo mwanamke aliyemdanganya.

Na si mara ya kwanza Fausta kuwekwa kwenye hadithi ya mlango wa chumba cha kulala. Mwaka 310 baba yake Maximianus aliasi, akakamatwa Massilia (Marseille), akafa. Lactantius anasimulia kwamba mzee alimwomba binti yake aache mlango wazi usiku ili amuue Konstantino. Binti akamwambia mume. Kitandani akalazwa towashi, mzee akamchoma kisu akidhani ni mkwe wake, akashikwa papo hapo, akapewa uhuru wa kuchagua namna ya kufa, akajinyonga. Hotuba ya kumsifu Konstantino iliyotolewa mwaka huohuo wa 310 haina habari ya towashi wala mlango. Kumbuka tena Lactantius alikuwa nani: mwalimu wa Crispus. Kwa kalamu ya mwalimu, Fausta ni mke mwaminifu aliyemchagua mume badala ya baba. Kwa kalamu za baadaye, ndiye aliyemmaliza mwanafunzi.

Hamamu inamuuaje mtu?

Usifikirie sufuria la maji yanayochemka. Chumba cha moto cha hamamu ya Kirumi kilipashwa kwa tanuri lililokuwa nje ya ukuta. Sakafu iliinuliwa juu ya vinguzo vifupi vya matofali, hewa ya moto ikapita chini yake, ikapanda kwenye mabomba ya udongo yaliyofichwa ukutani. Kwa hiyo aliye ndani amezungukwa na moto asiouona: chini ya nyayo, mgongoni akiegemea, na birika la maji mbele yake linatoa mvuke. Madirisha ni machache ili joto lisitoke. Watumwa wanaochochea kuni wako upande wa pili wa ukuta, hawamwoni aliye ndani, wala si lazima wamjue. Wakiambiwa waongeze, wanaongeza. Mlango ukifungwa kwa nje, kinachobaki ni muda.

Aliyewahi kutembelea Hamamni pale Mji Mkongwe, Unguja, jengo la Sultani Barghash la karne ya 19, amemwona mjukuu wa mtindo huo: vyumba vinavyofuatana, kuta nene, mwanga kidogo. Leo hakuna maji, lakini ukisimama kwenye vyumba vya ndani utaelewa kwa nini sauti haitoki.

Warumi walikuwa wameshaitumia njia hii. Mwaka 62 Octavia, mke wa Kaisari Nero, alikatwa mishipa kisiwani Pandateria. Damu ikawa haitoki haraka kwa sababu ya hofu, akamalizwa kwa mvuke wa hamamu iliyopashwa mno. Miaka mitatu baadaye mwanafalsafa Seneca, alipoamriwa kujiua na kifo kikachelewa, naye aliishia kukosa pumzi kwenye mvuke. Kwa hiyo hamamu haikuwa njia ya ajabu kwa mtu wa ikulu. Haimwagi damu, haihitaji mnyongaji, na asubuhi mtu anaweza kusema alizimia akiwa anaoga.

Ndiyo maana Sidonius Apollinaris, askofu na mshairi wa Galia wa karne ya 5, alipokumbuka habari hii aliipanga kwa ulinganifu wa kishairi: Fausta kwa joto la hamamu, Crispus kwa baridi ya sumu. Ni yeye pia anayetuambia kwamba Ablabius, mmoja wa wakubwa wa serikali ya Konstantino, alibandika kwa siri mlangoni pa ikulu mistari miwili ya shairi: nani atatamani tena enzi za dhahabu za Saturnus? Hizi zetu ni za vito, ila ni za Nero. Aliyesoma alielewa. Nero aliua mama na mke.

Nimesikia alikuwa akitoa mimba. Ni kweli?

Ni hoja iliyotolewa na mwanahistoria David Woods mwaka 1998, na inastahili kusikilizwa. Anasema kwamba kama lengo lilikuwa kumuua tu, hamamu ni njia ya kuzunguka. Lakini waganga wa kale walikuwa wakiagiza maji ya moto kwa ajili ya kutoa mimba. Soranus wa Efeso, tabibu wa karne ya 2, ameyataja katika mambo anayoelekeza. Basi huenda Fausta alikuwa na mimba isiyo ya mumewe, labda ya Crispus, na alikufa akiitoa, kwa hiari au kwa kulazimishwa.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba inaeleza lile jambo geni, hamamu, ambalo wengine hulipita tu. Udhaifu wake ni kwamba hakuna hata mwandishi mmoja wa kale, hata wale waliopenda sana kumchafua Konstantino, anayetaja mimba. Zosimus angeipokea kwa mikono miwili. Na mfano wa Octavia unatosha kuonyesha kwamba hamamu haikuhitaji sababu ya kitabibu.

Kuna pia wanaosema alijiua, au aliamriwa ajiue kama Seneca. Kati ya kuamriwa kujiua na kuuawa, kwa ikulu ile, tofauti ilikuwa ndogo.

Mavyaa alihusika?

Helena anatajwa na mwandishi wa muhtasari na Zosimus: bibi anamlilia mjukuu, mwana anamtoa mke kama fidia. Watu hupenda sehemu hii kwa sababu ya uhasama wa kawaida wa mavyaa na mkaza mwana. Hapa kulikuwa na zaidi ya hapo. Baba yake Konstantino alimwacha Helena ili amwoe Theodora, binti wa Maximianus (wengine husema binti wa kambo). Theodora ni dada yake Fausta. Kwa maneno mengine, nyumba ya Maximianus ilimnyang'anya Helena mume, kisha ikamletea mkaza mwana, na sasa mjukuu wake kipenzi, ambaye naye mama yake aliwekwa kando kwa ajili ya binti wa nyumba hiyohiyo, ameuawa.

Je, hilo ni ushahidi? Hapana. Ni sababu tu ya kutoshangaa. Safari ya Helena kwenda Yerusalemu ilifanyika muda mfupi baadaye, na wapo wanaoiona kama toba ya familia. Waorthodoksi, wakiwemo wa kwetu Kenya na Uganda, huwaadhimisha yeye na mwanawe pamoja tarehe 21 Mei.

Ni kweli Konstantino aliingia Ukristo ili asafishwe dhambi hii?

Hapana. Hiyo ni ya Zosimus, aliyeuchukia Ukristo na kuulaumu kwa kuporomoka kwa Roma. Anadai Konstantino aliwaendea makuhani wa dini ya jadi wakamwambia hakuna tambiko la kufuta damu ya namna hiyo, ndipo Mmisri mmoja aliyetoka Hispania akamwambia Ukristo unafuta kila dhambi. Porojo hii ilikuwepo hata kabla yake, maana Sozomen aliijibu katika karne ya 5. Konstantino alikuwa akiwapendelea Wakristo tangu 312 na 313, na Mtaguso wa Nisea aliuitisha mwaka 325, mwaka mmoja kabla ya vifo hivi. Kubatizwa alibatizwa mwaka 337 akiwa mahututi. Kama alikuwa na haraka ya kusafishwa, aliingoja miaka kumi na mmoja.

Inawezekana hakufa mwaka 326?

Jerome anasema 328. Edward Gibbon, mwanahistoria Mwingereza wa karne ya 18, alienda mbali zaidi akashuku kama aliuawa kweli, akitegemea hotuba ya maombolezo iliyoonekana kumtaja akiwa hai baada ya mumewe. Baadaye ikagundulika hotuba ile ilimlilia mtu mwingine, wa karne nyingi mbele.

Kilichonishawishi mimi ni sarafu. Kuanzia 324 viwanda vya fedha vya dola, kutoka London hadi Aleksandria, vilipiga sarafu ndogo za shaba, upana wa kama sentimita 2, zenye sura yake ubavu: nywele za mawimbi zimefungwa kisogoni, shingo ndefu, na herufi FLAV MAX FAVSTA AVG zikimzunguka. Nyuma amesimama mwanamke amejifunika ushungi, amekumbatia watoto wawili, mmoja kila mkono, na maneno yasemayo "Tumaini la dola" au "Salama ya dola". Ghafla mwaka 326 zinakatika, na za Crispus nazo zinakatika. Za Helena zinaendelea. Mpiga sarafu hana hadithi ya kutunga, anafuata agizo.

Tuna ushahidi gani mwingine unaoshikika?

Mawe. Majina ya Fausta na Crispus yalifutwa kwa patasi kwenye maandishi ya heshima, ikiwemo lile la Fausta pale Sorrento, kusini mwa Italia. Hii ni adhabu iliyofahamika ya Kirumi: mtu haondolewi uhai tu, anaondolewa kwenye kumbukumbu. Kwangu hii ndiyo inayoiangusha dhana ya ajali. Mke aliyezimia kwa bahati mbaya anazikwa kwa vilio vya taifa, hafutwi jina.

Kule Trier, Ujerumani, chini ya kanisa kuu, mwaka 1945 na 1946 vilichimbuliwa vipande maelfu vya dari iliyopakwa rangi, ya jumba la zama za Konstantino. Vilipounganishwa vikatoa sura za wanawake wenye vito na mwanga kichwani. Wengine humwona Fausta katika mmoja wao. Mimi huona wanawake wazuri wa dari. Roma nako kuna "nyumba ya Fausta" pale Laterano, ambako maaskofu walikutana mwaka 313. Kama ni Fausta huyu, wataalamu hawajakubaliana.

Kaburi lake halijulikani.

Wewe unaamini lipi?

Kwamba aliuawa kwa amri, ndani ya ikulu, bila kesi ya hadharani. Kwamba kifo chake kimefungamana na cha Crispus, kwa sababu majina yote mawili yalifutwa kwa pamoja. Hamamu naikubali, kwa kuwa inajitokeza kwa waandishi wa kambi zinazochukiana, Mkristo Philostorgius na mpagani Zosimus.

Zinaa naikataa, au tuseme sijaona sababu ya kuikubali. Watu hutaja sheria ya Konstantino ya Aprili 326 iliyowabana wanaoruhusiwa kushtaki uzinzi, ikawaachia mume na ndugu wa karibu, kana kwamba ni mwangwi wa mambo ya nyumbani kwake. Labda. Lakini watoto wa Fausta walibaki warithi, hawakuguswa hata kidogo. Mwanamume aliyeamini mkewe ni mzinzi, tena na tarishi, angewaangalia wanawe kwa jicho jingine. Zosimus mwenyewe anajikanyaga: mahali anasema Fausta alikufa kwa ajili ya Crispus, mbele kidogo anasema wana watatu walizaliwa na mwanamke mwingine aliyeuawa kwa uzinzi, si Fausta. Shahidi wa namna hiyo mahakamani angeambiwa akae chini.

Siasa ndiyo naiona zaidi. Crispus alikuwa mtu mzima mwenye ushindi. Wana wa Fausta walikuwa wadogo. Nani alimchongea nani, na nani alishtuka baadaye kwamba amedanganywa, hapo tumerudi kwenye kabati la nguo.

Wanawe hawakumtetea mama yao?

Wanawe watatu, Konstantino II, Constantius II na Constans, waligawana dola baba yao alipofariki tarehe 22 Mei 337. Mkubwa aliuawa mwaka 340, mdogo mwaka 350, Constantius akatawala hadi 361. Binti wa Fausta, Constantina, amebaki maarufu kwa kaburi lake la mviringo pale Roma, na binti mwingine, Helena mdogo, aliolewa na Julianus, aliyekuja kuwa Kaisari, ambaye karibu mwaka 356, katika hotuba ya kumsifu Constantius, alisema mama yao alikuwa binti wa Kaisari, mke wa Kaisari, dada wa Kaisari na mama wa Makaisari. Juu ya namna alivyokufa hakusema neno.

Kati ya 337 na 340 viwanda vya fedha vya wana hawa vilitoa sarafu ndogo za kuwakumbuka wanawake wa ukoo waliokwisha kufariki. Moja ina sura ya Helena, bibi yao. Nyingine ina sura ya Theodora, yule aliyechukua nafasi ya Helena. Ya mama yao haikupigwa.